Kiungo Kisicho na Jina

Leelo alikuja na kompyuta kwapani,
fimbo nyeupe ikigonga ngazi za ofisi yetu ya chini,
akaketi kwenye kiti ambacho sikumwonyesha.
Nje, Tartu ilikwisha kuingia giza,
saa tisa na nusu alasiri, Desemba, theluji ya siku tatu.
"Urmas," akasema, "leo usinieleze kitu.
Sikiliza tu."

Akaiachia ile sauti ya mashine,
ya haraka, kama karani mwenye foleni ndefu:
Picha. Picha. Kitufe. Kiungo. Kiungo.
Picha, mia nne thelathini na saba.
Bofya hapa.
Bofya hapa.
Bofya hapa.

Hapa wapi?
Miaka sita nimeijenga tovuti hii ya chuo,
nimepigiwa makofi kwa samawati yake,
na sikujua imejaa hapa zisizo na mahali.
Kuna hapa ya kugusika, kuna huku ya kukisia,
kuna humu ya waliokwisha ingia.
Nilikuwa nimeandika humu
nikidhani nimeandika hapa.

Alitaka kujiandikisha somo la kuvumwani,
ile ngozi ya magome anayoisoma kwa ncha za vidole.
Mwisho, saa sita usiku.
Fomu ikamwambia: jaza visanduku vyekundu.
Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekanyagwa mguu.
Kisha: thibitisha kwamba wewe si roboti,
chagua picha zote zenye taa za barabarani.
"Roboti ndiyo inayonisomea," akasema,
"nawe unataka niikane?"
Muda ukaisha. Ukurasa ukamtoa nje kwa adabu:
Samahani, umekaa kimya mno.

Kimya!
Alikuwa amebonyeza mara mia mbili na kumi na moja.
Nilihesabu, kwa kuwa sikuwa na la kusema.

Kiungo ni goti, ni kifundo cha mkono.
Kiungo ni njia ya kutoka ukurasa hadi ukurasa.
Aliyekosa kiungo chumbani mle
hakuwa Leelo.

Nikamwandikisha mwenyewe, kwa mlango wa nyuma.
Akashukuru
kama anavyoshukuru mtu mzima aliyebebwa.

Meinhard, mkuu wetu, aliuliza: "Ni wangapi hao?"
Nikamwambia, asiyeweza kuingia
hatii sahihi kwenye daftari la wageni.
Akanipa wiki tatu. Mtu wa kunisaidia hakunipa.

Nikaanza na picha. Elfu moja mia moja na arobaini,
kila moja ikidai maneno yake.
Usiku wa kwanza niliandika: jengo. Mwanafunzi. Jengo. Watu wawili.
Usiku wa nne nikaanza kuona.
Jengo kuu, nguzo nyeupe, ngazi kumi na moja,
na kule pembeni, umekatwa nusu,
mteremko wa viti vya magurudumu, nyuma ya mapipa ya taka.
Niliukata mwenyewe, miaka sita iliyopita,
ili ipendeze.

Sijamaliza. Hotuba za rekta bado zinachezesha midomo
bila hata mstari mmoja wa maandishi chini yake,
na kalenda, ile kalenda, Mungu anajua.
Lakini Machi, barafu ya mto Emajõgi ilipoanza kulia,
nikapata barua iliyotumwa saa nane usiku:

"Nimejiandikisha masomo ya kiangazi. Hakuna aliyenibeba.
Swali moja. Picha ya ukurasa wa mbele
umeiandika: mwanamke anatabasamu maktabani.
Anatabasamu nini?"

Nikaifungua. Nikaitazama mpaka chai ikapoa.
Nikaandika: sijui. Nikafuta.
Nikaandika: mkono wa kushoto umefunika kitabu
asipotelewe na ukurasa. Meno yanaonekana,
macho hayamo.
Nadhani anamsubiri mpiga picha aondoke
aendelee kusoma.